Kondo la Pili la Rusabo

1

Mtoto wa Nabintu alipotimiza saa hamsini na moja tangu azaliwe, Sista Skolastika Ntahondi alibana mirija ya kondo la pili kwa mara ya tatu asubuhi ile, akatazama saa ya ukutani, akaanza kuhesabu.

"Sasa yuko peke yake," alimwambia Nabintu, aliyekuwa ameketi kwenye ukingo wa kitanda akiwa amekishika kiganja cha mtoto kwa vidole viwili. "Hewa anayoipata ni ile anayoivuta mwenyewe."

Macho ya Nabintu yalikuwa kwenye kifua cha mwanawe, kilichokuwa kikipanda na kushuka kwa haraka, kama cha mtu aliyepanda mlima mbio.

Mtoto alikuwa wa kiume, kilo mbili kasoro kidogo. Kitovuni mwake ilitoka mirija miwili myembamba iliyoingia kwenye chombo angavu chenye ukubwa wa sufuria ya uji. Ndani yake mlikuwa na utando wa rangi ya nyama changa, nao kwa kawaida ulipwita bila kuchoka, usiku na mchana. Hapakuwa na injini wala waya. Moyo wa mtoto mwenyewe ndio ulioisukuma damu hadi mle. Damu ikapita katika vijishipa vyembamba kuliko unywele, ikaacha hewa chafu, ikachukua oksijeni, ikarudi kwa mwenyewe. Kazi ni ile ile inayofanywa na kondo la nyuma mtoto akiwa tumboni. Waliolibuni walikuwa wamechoka kupeleka mashine za kupumulia mahali ambapo umeme huja ukipenda, wakaamua kuotesha kitu chenye uhai, kisichoomba chochote ila damu yenye joto. Utando mmoja uliishi siku tisini. Baada ya hapo ulikauka, na bohari kuu ikaleta mwingine.

Kambi ya Rusabo ilikuwa na watu elfu arobaini waliopandishwa vilimani baada ya ziwa kumeza miji yao ya pwani, na ilikuwa na kondo la pili moja.

Ilipofika dakika ya tisa, midomo ya mtoto ilianza kupauka. Skolastika hakugusa kitu. Dakika ya kumi, mtoto alikunja uso, akavuta pumzi mbili ndefu. Dakika ya kumi na moja, kipimo kilichofungwa mguuni kikalia. Alifungua kibanio, na utando ukaanza tena kupwita.

"Jana jioni ilikuwa ngapi?" Nabintu aliuliza.

"Nne."

"Na leo?"

"Kumi na moja. Akifika thelathini, tunamtoa. Saa sabini na mbili zikitimia atakuwa amefika, usiwe na wasiwasi."

"Asante, Sista."

"Mshukuru yeye. Ndiye anayepumua."

Nabintu alitabasamu kwa mara ya kwanza tangu aletwe. Alikuwa mwanamke wa miaka ishirini na minane, na huyu alikuwa mtoto wake wa tatu kuzaliwa. Wawili wa kwanza waliishia siku ile ile waliyozaliwa, kule walikotoka, kabla maji hayajapanda. Pale wodini wanawake wengine waliitana kwa majina ya watoto wao, yeye wakamwita Nabintu tu, wala hakulalamika.

2

Mvua ilikuwa inapiga mabati tangu alfajiri. Saa nne na nusu wanaume wanne waliingia wakiwa na machela ya mianzi, matope hadi magotini. Juu ya machela alikuwepo msichana wa miaka kumi na tisa aliyeitwa Esperansi. Uchungu ulikuwa umemshika tangu juzi, mto ukajaa, wakashindwa kuvuka. Wakati wanavuka leo damu ilikuwa imeanza kumtoka.

Daktari Kagoma, ambaye ndiye daktari pekee aliyekuwepo, hakuuliza maswali mengi. Alimgusa tumbo, akamfunua jicho, akawaambia wauguzi wawili, "Chumba cha upasuaji. Sasa hivi." Kisha akamgeukia Skolastika. "Mtoto nitawaachia wewe na Wilondja. Mimi nitakuwa na mama yake, na sijui nitatoka saa ngapi."

Wilondja alikuwa tabibu wa miaka hamsini na tano, mkimbizi kama wagonjwa wake. Alikuwa ameendesha zahanati kule ziwani kwa miaka ishirini, na sasa zahanati hiyo ilikuwa chini ya maji, samaki wakipita dirishani. Alisubiri mlangoni mwa chumba cha upasuaji akiwa na kitambaa kikavu kilichopashwa joto, na baada ya dakika saba alitoka akiwa amembeba binti ya Esperansi.

Binti alikuwa mkubwa, mwenye nywele nyingi, na alikuwa amelegea kabisa. Mwili mzima ulikuwa umepakwa choo chake cha kwanza, cha kijani kibichi. Alikuwa amekivuta mapafuni akiwa bado tumboni.

"Dakika ya dhahabu," Wilondja alisema, kwa mazoea tu, kwa sababu ndivyo walivyofundishwa wote, yeye miaka thelathini iliyopita na Skolastika miaka kumi: dakika moja ya kwanza ndiyo ya mtoto, usiipoteze.

Walimkausha. Walimsugua mgongo. Skolastika alimsafisha kinywa kwa kipira cha kunyonya makamasi, akamnyoosha shingo, akamfunika pua na mdomo kwa barakoa ndogo ya ambu, ule mfuko wa mpira wa kusukumia hewa ambao haujabadilika tangu enzi za bibi zake. Akaminya.

"Minya, mbili, tatu. Minya, mbili, tatu."

Kifua kilipanda kidogo. Wilondja alishika mzizi wa kitovu kwa vidole viwili. "Hamsini," alisema. Baada ya dakika moja: "Sabini." Baada ya tano: "Mia na kumi. Moyo ni mzima."

"Anapumua?"

"Hapana."

Skolastika aliacha kuminya ili waone. Moyo ulishuka: tisini, sabini, hamsini na tano. Alianza tena, na moyo ukarudi juu kwa utii, kama unaongojea tu kusaidiwa. Walijaribu hivyo mara tatu katika dakika ishirini. Mtoto alitaka kuishi. Mapafu yake ndiyo yaliyokuwa yameziba, na mapafu yaliyoziba namna ile huchukua siku mbili au tatu kujisafisha. Mikono ya binadamu haiwezi kuminya ambu siku tatu.

Hawakulitazama lile kondo, lakini kila mmoja alijua mwenzake analifikiria.

Skolastika alimwachia Wilondja ambu, akaenda kwenye redio kuita bohari kuu. Alijibiwa na mwanamke mwenye sauti ya upole.

"Kondo lipo, Sista, limeshapakiwa. Tatizo ni upepo. Ndege haziruki tangu jana. Wanatuambia kesho saa tatu asubuhi."

"Mtoto hana kesho saa tatu."

"Najua, dada yangu. Pole. Nimeliweka la kwenu mbele ya yote."

3

Mambo matatu kuhusu kondo la pili kila muuguzi aliyafahamu kwa moyo. Laweza kuhamishwa kutoka kwa mtoto mmoja kwenda kwa mwingine, mradi lioshwe kwa maji ya chumvi kwa dakika sita. Likishatolewa, mishipa ya kitovu cha yule wa kwanza hujifunga, naye hawezi kurudishwa. Na mtoto aliyeunganishwa haondolewi kabla ya saa sabini na mbili ila kwa ridhaa ya mama yake.

Skolastika alifungua kumbukumbu za kambi zote kwenye kishikwambi, akaandika umri wa mtoto wa Nabintu, uzito, na zile dakika kumi na moja. Jibu lilikuja papo hapo. Kati ya watoto kumi wa namna hiyo waliotolewa mapema, saba waliishi. Akaandika habari za binti ya Esperansi. Bila kondo, kati ya ishirini aliishi mmoja. Akiwa nalo, kumi na saba.

Alimwonyesha Wilondja, ambaye alisoma huku mkono wake ukiendelea kuminya.

"Hesabu ziko wazi," alisema.

"Ziko wazi kwa sababu hakuna mtoto wangu humo."

Wilondja alishusha sauti, kwa sababu pazia tu ndilo lililowatenganisha na wodi. "Sista, nikuambie nilichokuwa nafanya kule kwetu. Nenda kwa Nabintu, mwambie mwanawe amekomaa. Mwambie ni wakati wa kutolewa. Hutakuwa umedanganya sana. Saba kati ya kumi ni wengi. Atakubali kwa furaha, na ikitokea mbaya, atajua ni mapenzi ya Mungu. Hatajiona yeye ndiye aliyemtoa."

Skolastika alielewa kwamba maneno yale yalikuwa ya huruma. Ndiyo maana yalimpa taabu. Kumwambia Nabintu ukweli ni kumpa mwanamke aliyezika watoto wawili jambo la kuchagua ambalo hakuliomba. Akikubali na mtoto akafa, atajilaumu maisha yake yote. Akikataa, atalala kitanda cha tatu kutoka hapa akisikiliza mtoto wa mwenzake akiisha. Na asipoambiwa chochote, atalala vizuri. Muuguzi ndiye atakayebeba.

"Mimi naweza kuubeba uongo huo," alisema mwishowe. "Ila siku akija kuujua, hatamwamini tena muuguzi yeyote. Na huyu mtoto ni wake, si wangu."

"Basi nenda. Mimi bado nina nguvu mkononi."

Alikwenda. Alipiga magoti mbele ya kitanda ili macho yao yalingane, akamweleza Nabintu yote kwa mpangilio: nani ameletwa, mtoto ana nini, ndege imekwama wapi. Akamtajia wale saba kati ya kumi. Hakuwaficha wale watatu.

"Sikuja kukuomba," alisema. "Sheria inasema lazima uulizwe, na mimi naona ni haki uulizwe. Ukisema hapana, hakuna atakayekutazama vibaya, na mimi nitakuwa wa kwanza kukutetea."

Nabintu aliutazama ule utando uliokuwa ukipwita kando ya mwanawe. Mvua ilipiga mabati. Wanawake wa vitanda vingine walikuwa wameacha kuzungumza.

"Ungekuwa wewe?" aliuliza.

"Sijui, mama. Nisingejua."

"Hapana," Nabintu alisema. "Sitaweza. Nisamehe."

"Sina cha kukusamehe." Skolastika alimshika goti. "Asante kwa kunisikiliza mpaka mwisho."

Na alimaanisha hivyo. Alipoinuka alishangaa kwamba hakuwa na kinyongo hata chembe. Mwanamke aliulizwa, akajibu. Akarudi nyuma ya pazia, akampokea Wilondja ambu.

4

Walipokezana kila dakika kumi. Wakati mmoja akiminya, mwingine alisafisha kamasi zito la kijani kutoka kooni mwa mtoto, akabadilisha kitambaa cha joto, akachungulia chumba cha upasuaji. Daktari Kagoma alikuwa bado ameinama. Damu ilikuwa imepungua, lakini Esperansi hakuwa na fahamu, wala hakujua kama amezaa.

Ilipopita saa nzima na robo, Wilondja aliitwa ndani kutoa damu yake, maana kundi lake lilikuwa sawa na la mgonjwa. Skolastika akabaki peke yake. Dakika kumi zikawa ishirini. Vidole vyake vilianza kukakamaa, na mara mbili barakoa iliteleza hewa ikavuja pembeni.

"Minya, mbili, tatu."

Pazia lilisogea. Nabintu alikuwa amesimama, mkono mmoja ukutani. Alikuwa amejifunga kitenge juu ya gauni la wodi.

"Mama wa kitanda cha pili anamwangalia mwanangu," alisema. "Mikono yako imechoka, Sista. Nasikia kutoka kule, sauti haiendi sawa. Nipe nikupokee kidogo."

Skolastika alitamani sana kumpa. Lakini aliendelea kuminya. "Nikikuruhusu, itakuwa kama nakuuliza mara ya pili. Sitaki kufanya hivyo."

"Hukuniita. Nimekuja mwenyewe." Alisogea mpaka mezani. "Nionyeshe."

Barakoa iliteleza tena. Skolastika akasogea kando nusu hatua, akauweka mkono wa kushoto wa Nabintu kwenye kidevu cha mtoto, wa kulia kwenye mfuko. "Usiminye sana. Tazama kifua tu. Kikipanda, inatosha."

Nabintu aliminya. Kifua cha binti kilipanda. Alitazama kifua kile kama alivyokuwa akikitazama cha mwanawe, bila kupepesa. Aliwahi kulima, kufua, kutwanga. Mikono yake ilikuwa na nguvu na ilishika mwendo mara moja. Skolastika alinyoosha vidole vyake, akavikanda, damu ikarudi.

Dakika tano zikapita.

"Wale wangu wawili," Nabintu alisema, macho yakiwa pale pale kifuani, "hakuna aliyeniuliza kitu. Wa kwanza walimchukua chumba kingine, wakarudi na shuka. Wa pili pia. Nilikuwa nawaza, pengine kulikuwa na jambo la kufanya, ila mtu alikuwa amechoka. Sikuwahi kujua." Aliminya, akaacha, akaminya. "Huyu moyo wake unadunda hapa chini ya kidole changu. Hauchoki. Sisi ndio tunaochoka."

"Ndiyo."

"Wangu akitolewa sasa, utakuwa na nani? Na huyu au na wangu?"

Skolastika alimgeukia. "Huyu akishaunganishwa, Wilondja anatosha kumwangalia. Mimi nitakuwa na wako. Sitaondoka kando yake mpaka apumue kama mtu mzima au mpaka wewe uniambie niondoke."

"Atakuwa mezani?"

"Atakuwa kifuani kwako. Ngozi kwa ngozi. Mtoto mdogo hupumua vizuri zaidi akisikia mama yake anavyopumua. Hilo halikuvumbuliwa na mashine yoyote."

Nabintu aliminya mara nyingine kumi, kumi na tano. Machozi yalikuwa yanamtiririka lakini mkono haukukosea.

"Basi tufanye," alisema. "Kabla sijageuka."

"Nabintu, unaweza kugeuka. Mpaka nitakapofunga kitovu chake, unaweza kusema hapana tena, na nitakushukuru vile vile."

"Nimekusikia. Tufanye."

5

Wilondja alirudi akiwa na plasta mkononi na uso umepauka. Hakuuliza kitu, aliona, akanawa mikono.

Skolastika alimfungua mtoto wa Nabintu saa saba na dakika kumi. Alifunga mishipa ya kitovu, akamwinua, akamlaza uchi kifuani kwa mama yake, kichwa kikiwa upande, akawafunga wote wawili kwa kitenge. Wilondja aliosha kondo kwa maji ya chumvi. Kwa dakika sita zile utando ulilala kimya, umepauka, na mama wa kitanda cha pili ndiye aliyesimama pale mezani akiminya ambu alivyoonyeshwa. Kisha Wilondja akaunganisha mirija kwenye kitovu cha binti. Damu nyeusi ikaingia. Utando ukasita, ukapwita mara moja, ukapwita tena. Damu iliyorudi ilikuwa nyekundu.

"Unaweza kuacha kuminya, mama," Wilondja alimwambia yule mwanamke, na sauti yake ikakatika.

Skolastika hakuwa na nafasi ya kutazama. Mtoto wa Nabintu alipumua vizuri dakika ya tano, ya kumi, ya kumi na mbili. Dakika ya kumi na nne aliacha.

Alimsugua mgongo. Hakuna. Alimpiga nyayo kwa kidole. Hakuna. Akaweka barakoa pale pale kifuani, akaminya mara sita, na mtoto akashtuka, akavuta hewa, akalia kilio chembamba.

"Ameacha tena?" Nabintu aliuliza baada ya dakika nane.

"Ndiyo." Minya, mbili, tatu. "Amerudi."

Alasiri ile aliacha kupumua mara kumi na moja. Kila mara Skolastika aliwaza wale watatu kati ya kumi, na kila mara uso wake ulimsaliti. Mara ya saba, ambayo ndiyo iliyokuwa ndefu kuliko zote, Nabintu alimshika kifundo cha mkono.

"Usinitazame hivyo, Sista. Nilikuwa macho nilipokubali. Fanya kazi yako, na mimi nipumue polepole ili anifuate."

Akafumba macho, akaanza kuvuta pumzi ndefu zilizopangwa, kifua kikiinuka chini ya mtoto kama wimbi dogo. Skolastika aliminya akifuata mwendo ule ule. Wanawake wa wodi walikaa vitandani mwao, na bila mtu kuagiza, nao wakaanza kupumua kwa pamoja. Skolastika aliwasikia nyuma yake. Tangu aanze kazi hii alikuwa hajawahi kushukuru kuwa na watu kama alivyoshukuru wakati ule, akiwa amewapa mgongo.

Mara ya kumi na moja ilikuwa saa tisa na nusu. Baada ya hapo alingoja ya kumi na mbili. Ikapita robo saa. Ikapita nusu. Mvua ikakatika. Saa kumi na moja mtoto alifumbua mdomo, akatafuta titi, akalipata, akanyonya mara nne, akasinzia huku anapumua.

"Unaweza kwenda ukanywe chai," Nabintu alisema.

Skolastika hakwenda mara moja. Alikaa palepale sakafuni, ameegemeza kichwa kwenye mguu wa kitanda, na hakuna aliyemsumbua.

Jioni ile, kabla ya kukabidhi zamu, alijaza fomu ya shirika lililosimamia kambi. Iliuliza sababu ya kumtoa mtoto kabla ya wakati, akaiandika. Iliuliza nani aliyetoa uamuzi, ikampa nafasi tatu za kuchagua: daktari, muuguzi, kifaa. Alikata mstari juu ya zote tatu, akaandika kwa mkono: Mama yake. Wilondja, aliyekuwa anasoma begani kwake, alisema, "Nilikushauri vibaya asubuhi."

"Ulinishauri kwa huruma."

"Ndiyo. Lakini nilimdharau yule mama." Alivaa koti lake. "Nashukuru hakusikia."

6

Ndege ilitua kesho yake saa tatu na robo ikiwa na kondo jipya. Hawakulihitaji. Waliliweka kwenye sanduku lake la joto, likiwa tayari kwa atakayekuja.

Esperansi alipata fahamu siku hiyo hiyo, lakini ilimchukua siku mbili nyingine kuweza kukaa. Binti yake alibaki kwenye kondo saa sabini na mbili zote. Kamasi la kijani lilitoka kidogo kidogo, kipimo cha kwanza kikawa dakika sita, cha pili kumi na tisa, cha tatu thelathini kamili. Mchana wa siku ya nne Daktari Kagoma alisimama pembeni akiwa amefumbata mikono, Skolastika akafunga kitovu, na binti akapiga kelele ambazo mlinzi wa getini alisema amezisikia.

Wakambeba hadi kwa mama yake. Vitanda vilikuwa vimesogezwa. Nabintu ndiye jirani yake sasa, mwanawe amefungwa kifuani, macho wazi. Esperansi alimpokea binti yake kwa woga, kama mtu anayepokea kitu cha watu. Alimgusa nywele. Alimhesabu vidole. Machozi yakamjaa.

"Mimi sikuwepo," alisema. "Wenzangu wote mnawajua watoto wenu tangu dakika ya kwanza. Mimi nilikuwa nimelala. Sijui hata alishikwa na nani."

Skolastika alimtazama Nabintu. Siku mbili zilizopita alikuwa amemuuliza kama Esperansi aambiwe yote, na Nabintu alimjibu kwamba akipona vizuri, yeye mwenyewe atamwambia, taratibu, wakiwa wanamenya mihogo au wanafua, si akiwa bado na mshono mbichi.

"Alishikwa na watu wengi," Nabintu alisema. "Huyu Sista. Yule tabibu aliyekupa damu. Huyo mama wa kitanda cha pili. Na mimi nilimshika."

"Na wewe?"

"Na mimi. Robo saa karibu. Ana kidevu kigumu, mkaidi huyo."

Esperansi alicheka kwa shida, akishika tumbo. "Na nani aliyemshika kwanza?"

Nabintu alinyoosha mkono kutoka kitandani kwake, akamsogezea binti kitambaa kilichomwangukia usoni.

"Wewe," alisema. "Miezi tisa. Sisi tulikupokea tu ulipochoka."

Skolastika aligeuka, akaenda kwenye ndoo ya kunawia mikono. Alinawa polepole, kila kidole, ingawa mikono yake ilikuwa safi, mpaka alipoweza kurudi wodini na uso uliotulia.